Jina Kwenye Fomu ya Ridhaa

Bibi mmoja wa Kongwa, kule Dodoma, alikuwa na kibano kidogo cha chuma alichokifunga kwenye pindo la khanga yake, mahali ambapo wenzake hufunga noti za kwenda sokoni. Kila asubuhi aliketi mlangoni, mjukuu akamshikia kipande cha kioo, naye akang'oa kope zake moja moja. Zilikuwa zimegeukia ndani, na kila alipopepesa zilimkwaruza jicho kama punje za mchanga. Hospitalini ugonjwa huo unaitwa trakoma. Kwao ni vikope, na wanawake wengi wa rika lake wamezeeka nao. Siku niliyomwona hakuwa mlangoni. Alikuwa amelala chali kwenye meza ya zahanati, amefunikwa uso kwa kitambaa cha kijani chenye tundu, na kijana aliyevaa miwani ya kukuzia ameinama juu yake. "Bibi, tazama chini, usikaze," alimwambia. "Haya mjukuu wangu, fanya kazi yako," bibi akajibu, huku vidole vyake vikilipapasa fundo la khanga lenye kile kibano. Kijana akachoma sindano ya ganzi, akasubiri, akapitisha wembe mdogo sambamba na mstari wa kope, akaugeuza ukingo kuelekea nje, akaushona kwa nyuzi chache. Hata nusu saa haikutimia. Na kijana yule hakuwa daktari. Alikuwa muuguzi aliyefundishwa upasuaji huo mmoja tu, akapimwa, akapewa cheti cha huo tu. Tumbo la mtu hana ruhusa ya kuligusa, na hata jicho lenyewe mpaka wake unaishia pale pale kwenye ukingo wa kope.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaza juu ya neno moja ambalo wanasheria hulihangaikia kuliko sisi wengine: upasuaji. Sheria ikitaka kutoa leseni, sharti kwanza itaje kazi inayotolewa leseni. Haiwezi kusema fulani anaruhusiwa na fulani amekatazwa kabla haijasema wanaruhusiwa au wanakatazwa nini. Kwa mbali jambo hili linaonekana dogo, la watu wa makabati na mihuri. Lakini ndani yake kuna maswali ambayo kila familia imewahi kukutana nayo kwenye korido ya hospitali: mwili wa mtu ukifunguliwa ni nini hasa kinachotendeka, na ni nani anayestahili kukitenda?

Lugha yetu haikuwahi kuzitia kazi hizi zote katika chungu kimoja. Jipu tunalitumbua, jino tunaling'oa, jeraha tunalishona. Sikio hutogwa, mfupa huungwa, mtoto wa kiume hutahiriwa, mganga huchanja chale na mpiga chuku huumika. Kila kitendo kina jina lake, na kila jina lina mtu wake. Mama aliyetoka kwa ngariba na mwanawe, ukimwuliza kama mtoto amefanyiwa operesheni, atakutazama kwa mshangao. Operesheni kwake ni kitanda cha magurudumu, ni mlango unaofungwa, ni ndugu waliokaa sakafuni nje wakihesabu saa. Na neno pasua lenyewe ni zito mdomoni. Tunapasua kuni, tunapasua mbao, nguo ikichanika vibaya tunasema imepasuka. Huenda ndiyo maana wengi wetu hatupendi kulitamka mbele ya mgonjwa. Tunasema "anaingia thieta", au kwa sauti ya chini zaidi, "kesho anapelekwa".

Sheria haina anasa hiyo. Marekani wamebishana juu ya neno hili kwa zaidi ya miaka 25, na chanzo kikubwa cha ubishi wa siku hizi ni jicho. Mwaka 1998 jimbo la Oklahoma liliwaruhusu wapima macho, wale wanaowaandikia watu miwani, kutumia mwanga wa leza kutibu baadhi ya magonjwa ya macho. Madaktari bingwa wa macho wakapinga: leza inakata, inachoma, inabadilisha umbo la mwili ulio hai, basi ni upasuaji, na upasuaji ni wa aliyesomea udaktari. Wapima macho wakajibu kwamba wamefundishwa, na kwamba bingwa yuko mbali na mji wa mgonjwa. Kentucky ikafuata Oklahoma mwaka 2011, Louisiana mwaka 2014, na nyingine baada yao. Kule California bunge lilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2022, lakini gavana Gavin Newsom akakataa kuitia saini, akisema hajaridhika kwamba mafunzo yaliyotakiwa yanatosha. Chuo cha Wapasuaji cha Marekani nacho kimeandika tafsiri yake ya upasuaji, na wavu wake ni mpana. Ndani yake kuna kukata, kuchoma, kugandisha, kushona. Kuna leza, mionzi na sindano. Kuna dawa inayochomwa ndani ya kiungo au uti wa mgongo. Kuna hata kurudisha mahali pake mfupa mkubwa uliovunjika au kuteguka, bila kisu, bila tone la damu kuonekana.

Niliposoma hilo la mfupa niliwakumbuka wazee wetu waunga mifupa, na vijiti vyao vya kufungia mguu, na mkono unaopapasa gotini mpaka ukapata palipoachana. Kwa tafsiri ile, wazee hao ni wapasuaji. Na wala sioni kosa kuwaita hivyo, maana mkono usioshika wembe unaweza kumharibia mtu mguu wa maisha yake yote. Wavu mpana una ukweli wake. Unakiri kwamba hatari haikai kwenye makali ya chuma peke yake. Inakaa popote mtu mmoja anapoubadilisha mwili wa mwenzake kwa namna isiyorudishika. Lakini ukishamaliza kutaja kila kitu kilicho upasuaji, swali la nani bado liko pale pale, limekaa kwenye benchi linasubiri.

Hapo ndipo tabia ya binadamu inapojitokeza. Anayelinda mlango wa taaluma analinda vitu viwili kwa mkono mmoja, mgonjwa na riziki yake mwenyewe, na mara nyingi hata yeye hawezi kukuambia kipi anakishika kwa nguvu zaidi. Simlaumu. Aliyekesha miaka kumi akijifunza ana haki ya kuuliza kwa nini mwingine apite kwa miezi kumi. Uingereza waliligusa jambo hili mwaka 1540, wakati wa Mfalme Henry wa Nane, walipowaunganisha vinyozi na wapasuaji wa London katika chama kimoja kisha sheria ikawagawia kazi: mpasuaji asinyoe ndevu, na kinyozi asipasue isipokuwa kung'oa meno. Ilipita miaka zaidi ya mia mbili, hadi 1745, ndipo wakaachana kabisa. Ukiitazama sheria ile leo unaona watu waliokuwa wakitafuta kwa dhati mahali pa kuchora mstari, na wembe ulikuwa mmoja mikononi mwa wote wawili.

Nasi tusijidanganye kwamba mambo haya yaliletwa kwetu na meli. Mwaka 1879 Mwingereza aliyeitwa Robert Felkin alishuhudia katika nchi ya Bunyoro, Uganda ya leo, mama akifanyiwa upasuaji wa kujifungua, na miaka mitano baadaye akauchapisha ushuhuda wake Edinburgh. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi. Mpasuaji akaosha mikono yake kwa pombe hiyo hiyo, akaosha na tumbo la mama. Alikuwa na wasaidizi waliojua nafasi zao. Mmoja alishika chuma cha moto, akawa anagusa kila mshipa uliovuja. Jeraha likafungwa kwa vijiti vyembamba vya chuma vilivyozungushiwa uzi wa gome la mti, na siku ya kumi na moja lilikuwa limepona. Nakisoma kisa hiki na kinachonishika si ustadi peke yake, ingawa ustadi ni mkubwa. Ni kwamba mtu yule hakuwa akibahatisha. Kila hatua ilikuwa na mahali pake, na aliyeshika chuma cha moto alijua lini akitumie. Kwa Wakisii wa Kenya nako walikuwapo mafundi wa kufungua fuvu la mtu aliyepigwa kichwani, wakiitwa omobari, na wagonjwa wengi walirudi nyumbani kwa miguu yao. Mafundi hao hawakuwa na baraza wala leseni ya ukutani. Walikuwa na walimu waliowatangulia, na walikuwa wakiishi kijiji kimoja na watu waliowapasua.

Hilo la mwisho naliona zito kuliko yote, na nitalirudia baadaye.

Tanzania ilikutana na swali hili uso kwa uso baada ya uhuru, wakati nchi nzima ilikuwa na madaktari wachache sana na mama mwenye uchungu pingamizi hawezi kumsubiri bingwa atoke Dar es Salaam. Likatafutwa jibu: tabibu aliyekwisha kufanya kazi miaka kadhaa akaongezewa mafunzo ya miaka miwili, akawa daktari msaidizi, na miongoni mwa alivyofundishwa ni kumtoa mtoto kwa upasuaji. Kwa miongo mingi watu hao ndio walioshika kisu katika hospitali za wilaya. Wako waliotilia shaka, ndani na nje ya nchi, na shaka yao ilikuwa ya haki. Mwaka 2009 watafiti, Dk. Godfrey Mbaruku akiwa mmoja wao, bingwa wa uzazi aliyefanya kazi miaka mingi Kigoma, walitoa matokeo ya kupitia kumbukumbu za hospitali 14 za mikoa ya Mwanza na Kigoma. Walikagua upasuaji mkubwa wa uzazi 1,072, sehemu kubwa yake ikiwa imefanywa na madaktari wasaidizi. Hawakuona tofauti ya maana kati ya kazi yao na kazi ya madaktari wenye shahada, si kwa hali za akina mama baadaye, si kwa ubora wa kazi yenyewe.

Mtu anaweza kuisoma taarifa hiyo akasema, basi shahada si kitu. Sidhani hivyo ndivyo inavyosema. Inachosema ni kwamba mtu aliyefundishwa jambo mahususi, akalifanya mara nyingi, akasimamiwa, na akawa na mahali pa kumpeleka mgonjwa likimshinda, anaweza kuaminiwa kwa jambo hilo. Ondoa kimoja katika hivyo, na imani yote inaporomoka. Kenya waliijua maana yake kwenye kampeni ya tohara ya kujikinga na VVU iliyoanza Nyanza mwaka 2008: wauguzi waliruhusiwa kutahiri baada ya kufundishwa tohara, na ruhusa yao ikaishia kwenye tohara. Kijana wa Kongwa na wembe wake ni ndugu wa wauguzi hao.

Sasa tazama upande wa pili. Katika mitaa yetu bado wapo wakata vimeo. Mtoto anakohoa wiki ya pili, jirani anasema ana kimeo kirefu, na mama aliyechoka kukesha anamfungia mtoto mgongoni, anampeleka. Mzee anafungua kinywa, anaingiza kijichuma chenye makali kilichopinda, anakata kile kinyama kinachoning'inia kooni. Kuna wanaochimba fizi za watoto wachanga kutoa yale wanayoyaita meno ya nailoni, ambayo ni vichipukizi tu vya meno ya kawaida. Watoto wamevuja damu mikononi mwa watu hao, wameambukizwa pepopunda na mengineyo. Mzee yule ana mkono mwepesi, amekata vimeo vingi, na huenda hana nia mbaya hata kidogo. Kwa wembe peke yake huwezi kumtofautisha na muuguzi wa Kongwa, wala kwa ukubwa wa jeraha. Tofauti ni kwamba kikohozi hakitoki kwenye kimeo, na damu ikikataa kusimama, mzee hana la kufanya wala pa kumpeleka mtoto. Atamwambia mama arudi nyumbani.

Ndiyo maana naamini tafsiri ya upasuaji inayofaa kwa leseni haipaswi kuanzia kwenye chombo, wala kwenye cheo, bali kwenye saa nane ya usiku. Namaanisha ile saa ambayo ganzi imekwisha, bandeji imelowa, homa imepanda, na aliye macho ni mgonjwa na ndugu yake tu. Kitendo gani kinaweza kuzaa usiku wa namna hiyo? Nani anajua dalili zake kabla hazijawa msiba? Nani ataitwa, na akiitwa atakuja? Wanazuoni wa fikihi walilifahamu jambo hili zamani waliposema kwamba aliyejitia utabibu hali hajulikani kuwa na elimu yake anabeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Neno walilolitumia ni hilo hilo tulilolichukua, dhamana. Leseni bila dhamana ni karatasi. Wale wapasuaji wa Bunyoro na Kisii walikuwa na dhamana ya kuonana na mgonjwa wao kesho yake kisimani. Daktari wa mji mkubwa haonani naye kisimani, kwa hiyo baraza na sheria vinasimama badala ya kisima. Tanzania ilipotunga sheria ya mwaka 2017 ya kusimamia madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi, nadhani kisima hicho ndicho ilichokuwa ikikichimba.

Upo pia mpaka ambao hakuna ustadi unaoweza kuuvuka. Mwaka 2017 daktari mmoja wa Kenya alikwenda mahakamani akitaka sheria ya 2011 inayokataza ukeketaji itenguliwe, akisema mwanamke mtu mzima anayetaka mwenyewe aachwe achague, na afanyiwe na mtu mwenye ujuzi. Machi 2021 Mahakama Kuu ikakataa. Naikubali hukumu ile kwa moyo wote. Mikono safi, ganzi na vyombo vilivyochemshwa haviwezi kuhalalisha kuukata mwili usio na ugonjwa kwa ajili ya kuufanya ukubalike. Leseni ya kupasua hutolewa kwa ajili ya mgonjwa. Pasipo mgonjwa wala kinga dhidi ya ugonjwa, kinachobaki mkononi ni kisu tu.

Miaka kadhaa iliyopita nilisimama kwenye korido ya hospitali moja ya wilaya, mdogo wangu akiwa na uchungu wa siku ya pili. Muuguzi akaniletea fomu ya ridhaa juu ya kipande cha ubao, na kalamu iliyofungwa kwa uzi wa bandeji ili isipotee. Kulikuwa na nafasi ya jina la mgonjwa, nafasi ya jina langu, nafasi ya uhusiano wetu, nafasi ya shahidi, na pembeni kisanduku cha dole gumba kwa asiyejua kuandika; kisanduku hicho kilikuwa tayari kina alama ya wino uliohamia kutoka karatasi ya juu yake, dole la mtu mwingine nisiyemjua. Mahali pa mtu atakayepasua palichapwa neno moja tu, "daktari". Nikatia saini. Nani angekataa saa ile? Baada ya muda akatoka mwanamume mfupi mwenye macho mekundu ya usingizi, akaniambia, "Kaka, mama na mtoto wazima," akaegemea ukuta. Wote walimwita daktari. Kesho yake ndipo nilipojua kwamba ni daktari msaidizi, na kwamba usiku ule alikuwa peke yake. Alirudi kumwona mdogo wangu alfajiri, akarudi adhuhuri, akarudi jioni. Mtoto yule sasa yuko shule ya msingi.

Sikudanganywa na mtu, lakini sikuambiwa, na nadhani ningetia saini kwa moyo mtulivu zaidi kama ningeambiwa. Kuficha cheo cha mtu yule hakukumpa heshima, kulimnyima. Alifanya kazi ambayo sheria ilimruhusu, akaifanya vema, na jina lake halikuandikwa popote ambapo mimi, mdogo wangu au mtoto tungeweza kulisoma. Wanaotunga sheria wataendelea kubishana juu ya leza, sindano na mfupa, na wabishane, ni wajibu wao. Ombi langu kwao ni mstari mmoja zaidi kwenye fomu ile: jina la atakayeshika kisu, alichosomea, na jina la atakayeitwa usiku. Nawe msomaji, siku utakayoletewa ubao ule wenye kalamu ya kufungwa, uliza kabla hujatia saini. Si kwa ukali. Uliza kama bibi wa Kongwa alivyouliza siku ile kabla hajapanda mezani, na kijana akamjibu jina lake, akamwambia yeye ni muuguzi, akamwonyesha nyumba anayolala, ng'ambo ya uwanja wa zahanati.